Kalenda ya simu, alamu, orodha ya kazi au karatasi ya ukutani: kipi kikukumbushe nini

Simu ninazoletewa kwa sababu "kalenda hailii", nyingi si mbovu. Mwenyewe kaandika tarehe ya kliniki, siku imefika, simu imenyamaza, kliniki imempita. Akiifungua kalenda anaikuta kazi yake pale pale, siku yake na saa yake. Haikufutika, ila haikusema. Hapo ndipo linapokuja swali: niiache kalenda nishike alamu? Nipakue programu nyingine? Au nirudi kwenye karatasi ya ukutani kama wazee wetu?

Kwa ninavyoona mimi, kuweka tarehe na kumshtua mtu ni kazi mbili mbalimbali, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachozifanya zote mbili vizuri. Kalenda hutunza tarehe ya mwakani bila taabu lakini sauti yake ndogo. Alamu hukutoa kitandani lakini ya mwezi ujao haiyajui. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chombo, jiulize unachohofia kusahau ni siku yenyewe, au ni dakika.

Tunapimia nini

Vyote vinne nimevipima kwa mambo matano. La kwanza ni kulia: je, utasikia hata simu ikiwa kimya, au imelala mfukoni tangu asubuhi? La pili ni tarehe: kinaweza kushika jambo la miezi sita mbele, na yanayojirudia? La tatu ni misukosuko, yaani umeme kukatika, chaji kwisha, simu kuibiwa au kubadilishwa. La nne ni kushirikiana, kwa sababu mambo mengi ya nyumbani si ya mtu mmoja. La tano ni hesabu zetu wenyewe: saa ya Kiswahili, mwezi wa Kiislamu, na maji ya bahari. Hili la tano watengenezaji wa simu hawakulifikiria, na huku kwetu Unguja ndilo linaloangusha wengi.

Kalenda iliyokuja na simu

*Kulia.* Taabu kubwa iko hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kikumbusho cha kalenda hulia kama ujumbe: mlio mmoja mfupi, kisha basi. Ukiwa sokoni Darajani katikati ya watu, au ndani ya daladala yenye muziki, umekwisha kupitwa. Na hata huo mlio mmoja una vizuizi vyake, ninavyovikagua kwa mpango huu.

Naanza na ruhusa. Kuanzia Android 13, iliyotoka 2022, programu inabidi ikuombe kwanza ndipo ikuletee arifa, na watu wengi hubonyeza kukataa wakidhani ni tangazo. Ingia setingi, fungua Programu, kisha Kalenda, kisha Arifa, uone kama swichi imewashwa. Papo hapo tazama aina za arifa zilizo ndani yake, maana moja inaweza kuwa imewekwa kimya na nyenzake zinalia. Kwenye iPhone nako kuna ruhusa ya arifa na kuna sauti ya kalenda peke yake, ambayo huweza kuwa imewekwa bila mlio.

Halafu betri. Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 huzilaza programu simu ikikaa muda bila kuguswa, lakini kikumbusho kilichopangwa sawasawa kina njia yake ya kuamka. Kinachokizuia khasa ni ubanaji wa ziada unaowekwa na watengenezaji. Samsung ina orodha ya programu inazozilaza kama huzifungui mara kwa mara. Xiaomi, Tecno na Infinix zina swichi ya kuruhusu au kukataza programu kujiwasha yenyewe. Kalenda haifunguliwi kila siku, basi ndiyo ya kwanza kulazwa. Iondoe kwenye orodha hiyo, na kwenye sehemu ya betri uchague isibanwe. Wale wenye mazoea ya "kusafisha simu" kwa kufagia programu zote kila baada ya dakika tano, kwenye baadhi ya simu wanakifagia na kikumbusho pia.

Kizuizi cha tatu hakimo ndani ya simu. Ijumaa simu zinawekwa kimya kabla ya hotuba, na nyingi hubaki kimya mpaka Magharibi. Badala ya kuinyamazisha kwa kitufe, tumia Usinisumbue ya muda maalumu, saa moja tu, ijifungue yenyewe. iPhone nayo inao mpango kama huo.

Mwisho, tazama kama kikumbusho kipo. Ukiandika jambo la "siku nzima" bila saa, simu hufuata ilivyopangwa kiwandani, pengine ikulilie siku ya jambo lenyewe au isilie kabisa. Andika saa, kisha chagua mwenyewe kikumbusho kimoja cha jana yake na kingine cha saa mbili kabla.

*Tarehe.* Hapa haina mshindani. Chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, unaziandika zote siku moja ukiwa na kadi mkononi. Bima ya gari, pasipoti, kodi ya nyumba, vyote vinakaa.

*Misukosuko.* Kama umeandika ndani ya akaunti yako ya barua pepe, simu ikiibiwa tarehe zako utazikuta kwenye simu mpya. Kama ulichagua zihifadhiwe kwenye simu tu, zimekwenda na mwizi; siku ya kuandika jambo la kwanza angalia limewekwa wapi. Bando likikwisha si neno, kwa kuwa kikumbusho kilichokwisha kuingia kwenye simu hakihitaji intaneti. Lakini umeme ukikatika usiku, simu ikazima, asubuhi mtoto akaiwasha bila kuingiza namba ya siri, basi kwenye Android kalenda kwa kawaida haifanyi kazi mpaka simu ifunguliwe kwa mara ya kwanza. Imewaka, lakini kwa upande wa kalenda ni kama bado imezima.

*Kushirikiana.* Mke na mume wanaweza kuitana ndani ya jambo moja kwa barua pepe, kila mmoja likamlilia kwenye simu yake. Ni nzuri ikiwa wote wana mazoea ya kufungua kalenda; kama mmoja hana, mwaliko utakaa kwenye barua pepe mpaka uote vumbi.

*Hesabu zetu.* Saa kwanza. Umeambiwa saa mbili asubuhi, ukaandika 2, simu ikaandika saa nane za usiku, ikalia watu wamelala. Dawa ni kuweka simu yako kwenye mfumo wa saa 24: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00, hapana nafasi ya kuchanganya. Na ukialikwa shughuli "usiku wa Ijumaa", kumbuka kwa simu hiyo ni Alhamisi.

Pili, mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Maulidi ukiyawekea kujirudia kila mwaka, mwakani yatalia yamekwisha kupita. Kalenda nyingi zinaweza kuonyesha tarehe za Kiislamu pembeni, lakini hizo ni za hesabu, na sisi tunafuata kuandama kwa mwezi. Zisome kwa makisio ya siku moja mbele au nyuma. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari hayana tatizo hilo.

Tatu ni jambo ambalo nimelikuta zaidi kwenye simu zilizoletwa kutoka Maskati au Dubai. Bi mkubwa mmoja aliniletea yake akasema, "Mwanangu, simu hii inanifanyia inda. Ninayoandika mwenyewe inalia kwa wakati. Anayoniandikia binti yangu inachelewa saa nzima." Nikamwambia, "Bi mkubwa, nipe kwanza nitazame saa." Saa ilikuwa sahihi, lakini eneo la saa lilikuwa bado Maskati, ambako wako mbele yetu kwa saa moja. Aliyemletea aliirudisha mishale kwa mkono, eneo hakuligusa. Basi jambo alilopanga binti yake saa nne asubuhi hapa Unguja, simu ilikuwa ikilitafsiri kuwa saa tano, saa ya Maskati, na kulia inapofika saa tano kwenye kioo. Ukirekebisha, washa saa ya kujiweka yenyewe na eneo la kujiweka lenyewe, kisha pitia uliyoyaandika zamani moja moja, maana yale ya mkono wako ndiyo sasa yatakayorudi nyuma saa nzima.

*Inamfaa nani.* Mwenye mambo mengi ya mbali na akaunti anayoijua neno lake la siri, na aliye tayari kukaa robo saa kwenye setingi.

Alamu ya saa

*Kulia.* Ndiyo kazi yake. Hulia mpaka uizime, hutumia sauti yake peke yake, na kwenye simu nyingi hupita juu ya hali ya kimya. Kwenye iPhone hupita hata Usinisumbue, lakini sauti yake inafuata ile ya mlio wa simu, kwa hiyo ukiupunguza mlio mpaka chini na alamu inanong'ona. Kwenye Android sauti ya alamu ina mstari wake. Ipandishe mara moja uiache hapo. Hali ya Usinisumbue ya kuzima kila kitu kwenye Android ndiyo inayoweza kuinyamazisha.

*Tarehe.* Hapa ni dhaifu. Imezoea leo, kesho, au kila Jumatatu. Samsung inakuruhusu kuchagua tarehe maalumu, ya iPhone haina sehemu hiyo. Na hata unapoweza kuchagua, alamu ya wiki tatu mbele haina maelezo ya kutosha: ikilia unabaki unajiuliza ni ya nini. Iandikie jina, "dawa ya presha", "boti", lisipungue hapo.

*Misukosuko.* Android za kisasa zinaweza kulia alamu hata kama simu imewashwa upya na haijafunguliwa. Simu ikiwa imezima kabisa, usiitegemee. Zipo zinazojiwasha zenyewe, vitochi vingi vya zamani vilikuwa hivyo, lakini simu janja nyingi hazifanyi. Ukibadilisha simu, jizoeze kuzipanga upya.

*Kushirikiana.* Hakuna. Labda tu kwamba itawaamsha nyote chumbani.

*Hesabu zetu.* Shida ya saa mbili za usiku na za asubuhi ni ile ile. Kwa maji haifai kabisa kujirudia, nitaieleza chini.

*Inamfaa nani.* Mwenye jambo la leo au la kila siku ambalo akilikosa dakika kumi ameumia.

Orodha ya kazi na vikumbusho

Hii ni programu nyingine, si kalenda, ingawa simu nyingi zinazichanganya. iPhone inayo ya kwake, Samsung inayo, na kwa Google vikumbusho vya zamani vya kalenda vilihamishiwa kwenye orodha ya kazi mwaka 2023. Kama uliwahi kuweka kitu zamani na leo hukioni mahali pake, kitafute huko.

*Kulia.* Mlio ni mfupi kama wa kalenda, na vizuizi vya ruhusa na betri ni vile vile. Tofauti ni kwamba jambo halipotei likishapita. Linabaki kwenye orodha mpaka uliwekee tiki. Usiposikia saa nne, utaliona saa saba ukifungua.

*Tarehe.* Inashika tarehe na kujirudia, na inafaa hata yasiyokuwa na saa: kununua umeme wa tukuza (ule wa kulipia kabla), kulipa upatu, kumpelekea fundi cherehani.

*Misukosuko.* Ikiwa kwenye akaunti, inabaki. Neno la siri la akaunti ndilo roho yake.

*Kushirikiana.* Ya iPhone inakuruhusu kushirikiana orodha na mwenye iPhone mwenzako. Ya Google kwa mtu wa kawaida ni ya kwako tu. Kwa familia yenye simu za aina mbili, mambo yataishia kwenye kundi la WhatsApp, na huko kikumbusho cha asubuhi hufunikwa na salamu za mchana.

*Hesabu zetu.* Kwa mwezi wa Kiislamu na maji, haikuzidi kalenda kitu.

*Inamfaa nani.* Mwenye vitu vidogo vidogo vingi, asiyejali sana dakika, anayependa kuona vingapi vimebaki.

Karatasi ya ukutani, na mtu wa nyumbani

*Kulia.* Karatasi hailii. Analia mtu: "Baba, leo si siku ya kliniki?" Mtu huyo hazimiki kwa kiokoa betri.

*Tarehe.* Mwaka mzima uko mbele ya macho yako, na kalenda zetu nyingi za ukutani zina tarehe zote mbili kwenye kijisanduku kimoja. Ikifika Desemba lazima unukuu upya, na hapo ndipo vitu huanguka.

*Misukosuko.* Umeme ukikatika haijali. Unguja iliwahi kukaa karibu miezi mitatu bila umeme, kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na karatasi za ukutani ziliendelea na kazi zake. Adui yake ni mvua, mtoto mwenye kalamu, na safari: ukivuka Dar imebaki sebuleni.

*Kushirikiana.* Kwa walio chini ya paa moja haina mfano. Bibi asiyejua kufungua simu anaisoma, na mtoto wa skuli anaisoma.

*Hesabu zetu.* Inazishika vizuri kuliko zote, kwa sababu unaandika unavyosema: saa mbili ni saa mbili. Mwezi ukiandama tofauti na ulivyochapishwa, unakata kwa kalamu na kusogeza.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watu wengi na ratiba moja, na yeyote ambaye simu yake hukaa zaidi mikononi mwa watoto.

Mfano wa mwani

Hili lina haki ya sehemu yake. Wanaolima mwani Paje au Jambiani hawaendi kwa saa, wanakwenda na maji, na maji yakipwa leo saa tatu, kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50. Alamu ya kila siku saa tatu baada ya siku chache itakuita ufuoni maji yamejaa. Bamvua, yaani siku za maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, nalo huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kila baada ya siku kama 14 na robo tatu. Ukiiambia kalenda irudie kila siku 14, inaanza vizuri, lakini kila mzunguko inatangulia karibu siku nzima. Baada ya miezi miwili ya mwandamo iko mbele siku tatu. Na hakuna kitufe cha kuiambia ifuate mwezi.

Kinachofanya kazi ni kuchukua jedwali la maji la mwezi, kuandika siku za bamvua moja moja bila kujirudia, kisha usiku wa kuamkia kila siku hiyo kuweka alamu ya kesho yake. Kazi ya dakika tano kwa mwezi. Wazoefu hawaihitaji, wanautazama mwezi. Inawafaa waliojiunga karibuni, au anayepanga gari ya kubeba mzigo.

Kwa hali yako

Una mtoto mchanga na kadi ya kliniki: kalenda, tarehe zote siku moja, kila moja na vikumbusho viwili vyenye saa. Nakili na kwenye karatasi ya ukutani kama kuna siku mtoto atapelekwa na bibi yake.

Unakunywa dawa kila siku kwa saa maalumu: alamu yenye jina. Kama shida yako si kusahau bali kutokumbuka kama umekwisha kunywa, ongeza orodha yenye tiki.

Unapanda boti ya asubuhi: safari iandike kwenye kalenda siku ya kukata tiketi, na alamu uiweke jioni ya kuamkia safari, simu ikiwa kwenye chaji.

Mambo ya upatu, tukuza na ada za skuli: orodha ya kazi. Mwenye mkono mzito wa kufungua programu, karatasi.

Maulidi, khitma, Idi na mialiko ya harusi iliyotajwa kwa mwezi wa Kiislamu: karatasi ndiyo iongoze, na simu iandikwe tarehe ikishathibitika, bila kujirudia.

Uko Pemba, watoto wako Maskati na mnataka kuzungumza kwa video kila Jumapili: kalenda, mwaliko ukitoka kwa mmoja wenu, na simu zote ziwe na eneo la saa la pale mtu alipo. Simu zitajua zenyewe saa tatu za Chake ni saa nne za huko.

Mzazi wako anatumia kitochi: usimnunulie simu janja kwa ajili ya vikumbusho peke yake. Kitochi chake kina alamu. Mwekee za dawa, na tarehe za hospitali ziandike kwenye kalenda ya simu yako wewe, ukizipa kikumbusho cha jana yake saa kumi na mbili jioni, muda ambao kwa kawaida unampigia kumuamkia.

Na kama umeshika njia ya kalenda, ijaribu leo kabla ya kuiamini: andika jambo la dakika tano zijazo, zima kioo, weka simu mfukoni, utembee. Ikilia, rudia jaribio usiku kwa jambo la kesho asubuhi, maana simu nyingi hufaulu la dakika tano na kuangukia la usiku kucha.